Nepi Kumi na Nane na Kengele ya Kanisa Kuukuu

Jumatano, 9 Aprili
Mvua siku ya sita. Pacha wangu wamemaliza nepi zote kumi na nane. Nimefungua tena kanisa kuukuu, lile lililoachwa tangu jipya lijengwe, nikaanika humo. Madirisha wazi, upepo safi. Ufunguo ninao kihalali: mimi ni katibu wa kamati ya kuliokoa. Wifi ndiye mwenyekiti. Habari za nepi hajui. Na asijue!

Ijumaa, 11 Aprili
Balaa. Wifi kaleta barua: kesho anakuja mkaguzi wa shirika linalotunza majengo ya kale. Akiona kanisa linafaa, litatengenezwa. Akiona limeoza, linabomolewa. Wifi akaniambia nibaki nyumbani na watoto, eti macho yangu mekundu yatamtisha mgeni. Mimi! Niliyefukuza popo kwa fagio langu mwenyewe! Nikamjibu nitakuja, na watoto nitakuja nao. Nepi nitaziondoa alfajiri.

Jumamosi, 12 Aprili
Nililala. Mama wa pacha akikaa tu, kalala. Nilifika mbio, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Wageni ndio wanaingia! Nikapita mlango wa nyuma, nikavuta kamba ya nepi kwa mkupuo mmoja. Nilisahau nilikuwa nimeifunga wapi. Kwenye kamba ya kengele.

NGOOO! Miaka kumi na mitano haijalia. Mtaa mzima ukaja mbio, fundi viatu na kiatu cha mtu mkononi. Nepi zikamwangukia wifi kichwani. Akafoka kwamba nimeaibisha ukoo mzima.

Mkaguzi akaokota nepi, akaipapasa. Akauliza kama kweli imekaukia humu, na mvua yote hii. Nikasema ndiyo, mzee, kwa siku moja. Akagonga mbao, akachungulia paa. Akasema majengo mengi ameyakuta yameoza kwa kufungiwa. Hili limepona kwa kupata hewa. Akautazama umati, akasema na wenyewe wa kulitunza wapo.

Linabaki! Nikalia. Wifi naye akalia, nepi ingali begani, akanipokea mtoto mmoja.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimeapa mbele ya kamati, mkono juu: kanisani sianiki tena. Nami nikiapa nimeapa.

Mvua bado. Pale kona kuna ghala kuukuu la zimamoto, king'ora bado kipo juu ya paa, madirisha kumi na mawili. Nimeshaandika barua ya kuunda kamati ya kuliokoa. Wifi kakubali uenyekiti. Kauliza tu kama mapazia yake yataenea. Yataenea! Kamba nitaifunga kwenye ule mkono wa chuma mwekundu ukutani. Sijui ni wa nini, ila ni imara.