Shikamoo Niliyoitoa Ndani ya Kanzu

Leo nimeaibika, na Katesh ni ndogo. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa vibaya.

Mwezi ujao nasafiri na mjomba kwenda China kufuata vipuri vya pikipiki. Mjomba kasema hanibebi kabla sijachanja homa ya ini. "Huko utaumia, utashonwa, utanyolewa na wembe usioujua umetoka kwa nani." Nikatii. (Sindano siogopi. Huwa naangalia pembeni tu.)

Sasa, Jumapili hii wazee wangu wanapeleka posa kwa kina Zainabu. Baba yake hana neno. Mama yake ndiye bado ananipima, na neno la mwisho ni lake. Wiki nzima natembea kwa adabu, nasalimia mpaka mbuzi.

Nikatoka msikitini moja kwa moja hadi zahanati, na kanzu yangu mpya. Nesi kanipima damu, kasema sina maambukizi, kwa hiyo nachanjwa. "Toa bega." Mkono wa kanzu haupandi, fundi kaubana kwa ajili ya fasheni. "Ivue basi, watu wanasubiri."

Baridi ya huku mnaijua. Ndani nilivaa taitsi ya dada yangu. Ya pinki. Ina vipepeo. (Ina joto, msinihukumu.)

Nikapandisha kanzu. Ikafika kichwani ikagoma. Mikono juu, kichwa ndani, vipepeo nje. Mlango ukafunguliwa.

"Hodi nesi, nimemleta mjukuu kliniki."

Sauti ya mama yake Zainabu.

Ndugu zangu, nilikuwa salama. Uso haukuonekana. Ningenyamaza, angeona taitsi tu, akaenda zake. Lakini mimi nimelelewa. Mtu mzima akiingia, salamu inatoka yenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Viatu vikasogea karibu. "Huyo si Idrisa?"

"Ndiyo, mama."

Nesi hana habari ya posa wala mkwe. Kanichoma hapohapo, huku akitoa somo kwa sauti ya mwalimu wa zamu. "Ugonjwa huu unapita kwenye damu, na kwenye kujamiiana pia. Na sindano moja haitoshi, ni tatu, zinapishana miezi. Kwa hiyo huko safarini ukipata msichana, tumia kinga. Umeelewa?"

"Mimi sitapata msichana," nikasema ndani ya kanzu.

"Wote mnasema hivyo."

"Nesi," mama akasema taratibu, "huyu mchanje zote tatu leo."

Nesi akaeleza kwamba haiwezekani. Mama akasikitika kweli. Kisha wakanisaidia kuishusha kanzu, mmoja kila upande, uso ukatokea. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatoa shikamoo ya pili.

Sasa hivi Zainabu kanipigia. Nikajua ni mambo ya wasichana wa China.

"Mama anasema posa ije, lakini mje na mwenye ile taitsi."

"Ni ya dada yangu!"

"Basi aje aseme mwenyewe."

Nimempigia dada. Anasema taitsi ya vipepeo haijui, hajawahi kuiona, na nisimwingize kwenye mambo yangu.

Dada, najua unasoma hapa. Kubali tu ni yako. Nitakuletea nyingine kutoka China.