Utelezi katika Bidoni ya Régine

Jumatatu, 8 Septemba 2003
Mama mkwe anaumwa tumbo tena. Kunitajia tumbo lake mimi mkwe wake ni aibu, kwa hiyo humwambia kuku, kwa sauti, nami niko upande wa pili wa ukuta. Leo amemwambia: “Kuku, tumbo inanikata. Kwa Athanase maji iko safi. Agathe amesema nihamie kwao.”

Athanase ni jirani. Hucheka kwa pua. Agathe ni mke wake.

Mama mkwe akihama, nani atanisimulia tena jinsi marehemu mke wangu Régine alivyokuwa akila chaki za mwalimu? Hakuna mwingine aliyebaki anayejua. Maji yangu yatakuwa safi wiki hii.

Jumanne, 9 Septemba
Nimempelekea muuguzi Dorothée bidoni yetu, dumu letu la maji. Akaingiza kidole mdomoni mwa bidoni. Utelezi. Akaeleza kwamba bakteria hushika ukuta wa bidoni, husuka nyuzi za protini ngumu sana, kisha hujifunika ute na kukaa humo kama watu ndani ya nyumba. Javeli, ile dawa ya kutia kwenye maji, huua walio nje. Wa ndani husubiri. Nyuzi hizohizo huwasaidia kushika hata matumbo ya watu. Daktari aliyewafundisha alisema nyuzi za jamii hiyo hupatikana pia katika ubongo wa wazee wanaosahau.

Nikauliza kama ndiyo sababu Athanase hajarudisha nyundo yangu. Akasema hapana.

Akashauri niitupe, nipate mpya, niisugue kwa sabuni tangu siku ya kwanza. Nimesikia yote isipokuwa kutupa. Tulipokimbia vita kule Kilo, Régine aliacha sufuria zote akabeba bidoni hii. Jina lake liko ubavuni, alilichoma mwenyewe kwa msumari wa moto. Homa ilimchukua hapahapa Bunia, bidoni ikabaki.

Jumatano, 10 Septemba
Javeli mara tatu ya kawaida. Mama mkwe amemwambia kuku kwamba chai inanuka shuka za hospitali. Hakunywa.

Mpango wa pili: kokoto. Nimejaza nusu, nikafunga, nikaiviringisha kwenye mteremko ili zikwangue ndani. Sikufikiria mlio. Mtaa mzima ulilala chini. Athanase alijitupa katika matuta yake ya viazi na suti ya kwaya. Alipoiona bidoni inapita, akainuka polepole. “Fulgence, weye utatumaliza bila hata risasi.”

Nikaingiza kidole. Bado utelezi.

Alhamisi, 11 Septemba
Mama mkwe amefunga vitenge vyake katika furushi. Sina muda.

Kwenye pompi ya maji bidoni ndizo hupanga foleni, wenyewe wanakaa kivulini. Zote za njano. Nimesogeza yangu mahali pa Athanase, nikaondoka na yake. Akili kama hii haifundishwi shuleni.

Nyumbani, kidole ndani. Utelezi uleule! Kumbe hata kwa Athanase si safi. Nimefurahi hadi saa sita.

Saa sita Agathe akaja na bidoni ya Régine kichwani, akaitua mbele ya mama mkwe, akaniuliza kwa upole kama macho yangu yameanza kuzeeka. Nikasema ni jua. Alipoondoka na ya kwao, mama mkwe alipitisha kidole juu ya lile jina. Kisha akamgeukia kuku.

“Kuku, ambia huyu mutu: Régine hakukuwa bidoni. Alete ingine, mimi nabakia hapa.”

Nilienda nyuma ya nyumba kupasua kuni. Hatukuwa na haja ya kuni.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimepata bidoni mpya kwa kutoa saa yangu ya mkono. Nimeisugua kwa sabuni kama alivyofundisha Dorothée, ndani na nje, mpaka kidole kikalia kwi kwi. Ya Régine imepumzika nyuma ya mlango. Furushi limefunguliwa.

Ila maji ya bidoni mpya hayana ladha. Yananuka plastiki, kama maji ya mgeni. Marehemu mama yangu, kila aliponunua mtungi mpya, alimimina ndani kikombe cha maji ya mtungi wa zamani, uzoee nyumba. Nimefanya hivyo kutoka ile ya Régine. Vikombe viwili, nisiwe mchoyo.

Tumekunywa chai. Ladha imerudi palepale. Bakteria nimewashinda.

Jumatatu nitampa Dorothée mbinu hii ya kikombe. Pengine kwenye masomo yao hawakufika huko.