Septemba Mtoto Anaota Meno

Kwa Msajili wa Chuo Kikuu, huko ng'ambo,

Shikamoo. Sijui umri wako, lakini mwenye muhuri ni mkubwa tu. Natumaini hapo ofisini hakosekani mtu wa kukusomea Kiswahili.

Mimi ni mke wa yule fundi friji mliyempa nafasi ya kusomea uhandisi. Mlimwambia achague mwenyewe, aanze Septemba au Januari. Kwa heshima hiyo tunashukuru. Ila miezi yenyewe, Mheshimiwa, mmeikosea, na nalalamika hivi:

1. Septemba binti yetu anaota meno. Kwa sasa hana hata moja, ndiyo maana tunamwita Kibogoyo. Baba yake analisubiri jino hilo kuliko alivyoisubiri barua yenu. Kila asubuhi ananawa mikono, anapitisha kidole kwenye ufizi, ndipo anafungua karakana.

2. Januari ataanza kutembea. Mtoto anayejifunza kutembea anahitaji watu wawili, wa kumwachia na wa kumpokea. Mkimchukua mmoja, mwanangu atakuwa anaondoka tu bila kufika.

3. Mtasema basi aahirishe hadi Septemba ya mwakani. Mwakani mtoto ataanza kusema, na neno "baba" likitoka lazima liwe na mwenyewe. Jirani yetu kinyozi ameshaanza kujipitishapitisha mlangoni na pipi.

4. Msidhani hatukujaribu. Tulifanya mazoezi ya safari. Mume wangu alijificha nyuma ya friji la mteja, nami nikakivalisha kiti ovaroli yake ili mtoto asione pengo. Siku ya kwanza aliitazama tu. Kesho yake akaichekea. Sasa baba mtu akichomoza, Kibogoyo analia mpaka arudi mafichoni. Hata wateja wanaisalimia ovaroli, na mmoja kasema afadhali hii, haina maneno mengi.

5. Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama mtuongezee mwezi katikati ya Desemba na Januari, usio na jino wala hatua. Ama muipokee ovaroli. Ni tulivu, haisinzii darasani, na kwa chakula haitawasumbua. Ikihitimu itarudi na shahada mfukoni, mume wangu ataivaa, kazi imekwisha.

Nisalimie walimu, wapishi, walinzi wa getini, na mama zao wote waliowaruhusu kufika huko.

Ni mimi ninayengoja huo mwezi,
Mama Kibogoyo

Nyongeza: Nimemsomea mume wangu barua hii kabla sijaifunga. Nilitegemea atacheka. Amekaa kwenye kreti, akampakata mtoto, akasema, "Mama Kibogoyo, usijisumbue kuituma. Mimi nilishaamua, siendi." Nikangoja nifurahi, furaha haikuja. Nikatazama karakana: milango ya mafriji ya watu yote imejaa hesabu zake za chaki, mpaka wateja wanakuja na vitambaa vyao vya kuzifutia. Nikajiuliza, mtu mwenye hesabu zote hizi nitamficha wapi. Nimemwambia ataenda, tena Septemba hiihii, na ameinuka kwenye kreti kama mtu aliyetuliwa mzigo. Basi yote niliyoandika hapo juu yafuteni, mpokeeni yeye. Ila simu yake ikilia katikati ya somo, mwalimu amruhusu apokee. Atakuwa ni mtoto, na yeye ratiba yenu haijui.