Mama Mkwe Mlangoni

Jumatano, 4 Agosti 2021
Kipimo cha pili: korona bado imo! Sikohoi, siumwi kichwa, ugali namaliza. Muuguzi Noela anasema watu wa namna yangu wapo. Kirusi kinakaa mwilini wiki nyingi, mwenyewe hana habari, anazikwa yule aliyeambukizwa naye. Mke wangu Kunegunda kanifungia chumba cha uani kwa ajili ya mama yake, mwenye pumu. Na Jumamosi ni harusi ya Leonce kule Mshangano. Nisipoongoza ngoma ya lizombe, ataongoza Polikarp. Polikarp! Anacheza kama anakanyaga tope.

Alhamisi, 5 Agosti
Mpango: Kunegunda akienda Majengo sokoni, natoka.
Nimefungua mlango. Mama mkwe kaketi njiani, barakoa usoni, anachambua maharage. Mngoni gani anapita mbele ya mkwe wake? Nimerudi ndani kinyumenyume, macho chini. Kumbe Kunegunda kamweka pale makusudi. Nimeoa mwanamke mwenye akili, lazima nikiri. Nina hasira naye.

Ijumaa, 6 Agosti
Nimempigia shemeji yangu Rosemary amwite mama yake kwake. Rosemary kamwambia kila kitu. Mama mkwe hajawahi kusema nami ana kwa ana tangu nioe, hivyo kaongea na kuku, kwa sauti ya kunifikia: “Kuku, mwambie baba watoto, mapafu yangu hayana akiba.”
Kunegunda anasema mama yake aliombwa tangu kipimo cha kwanza ahamie kwa Rosemary, akakataa. Akiondoka yeye, nani atanizuia? Anaogopa kufa, na bado kakaa. Namheshimu sana mama yule.

Jumamosi, 7 Agosti
Dirishani! Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likagoma. Mama mkwe kaniona. Kwa heshima kanipa mgongo, akaimba nyimbo za kanisa mpaka Kunegunda aliporudi kunivuta. Sauti nzuri, kwa kweli.
Wanasema Polikarp kacheza vizuri mno. Uongo.

Jumatatu, 23 Agosti
Kipimo safi! Mama mkwe mzima wa afya. Nimemnunulia kitenge, Kunegunda kampelekea. Nimeapa kuiheshimu korona maisha yangu yote.
Mchana nimesikia Polikarp naye kapimwa, anayo, kafungiwa. Maskini. Nimekwenda kumpa pole. Noela kanikataza kuingia. Nimeingia, nimemkagua mwenyewe: hana homa, hakohoi, anacheka. Hana kitu yule! Tumepokezana kikombe kimoja cha pombe ya komoni mpaka jioni.