Mwenye Mali Haombi Ruhusa

Jumatatu, 4 Machi

Nimezindua kampeni ya ukuu wa kijiji kwenye kibanda cha kahawa. Sera moja tu, hata mbumbumbu aielewe: mwenye mali haombi ruhusa. Akitaka kuuza, auze. Akitaka kujenga, ajenge. Kukusanya ukoo mzima kwa ajili ya jaruba moja la mpunga ndiko kunakotuchelewesha. Wakapiga makofi. Mpinzani wangu Syafril, ambaye kampeni yake nzima ni masharubu, akauliza mimi namiliki ardhi gani. Swali la kijinga. Kwetu Minangkabau mashamba na nyumba hurithiwa na wanawake, nani asiyejua? Nikahamia suala la barabara.

Jumanne, 5 Machi

Wapiga kura wanataka mfano. Nimesimamisha bango katika shamba la ukoo wetu: HAPA ZITAJENGWA NYUMBA ISHIRINI. Mjomba wa ukoo ni mimi, nani wa kunizuia? Dada yangu Darnis, anayelima pale. Alikuja na mundu. Alisema shamba ni la bibi yetu, linalisha watoto wake sita, na kazi yangu ni kulilinda tu. “Kaka, mlinzi gani anauza geti?” Bango amelipasua kuni. Mwanamke hana upeo kabisa.

Jumatano, 6 Machi

Bila saini za wanawake wa ukoo haliuziki hata jaruba moja. Basi nimewaalika wote kumi na mmoja kula nyama ya rendang nyumbani kwa mke wangu Yusnimar na mama yake. Nyama ilikuwa ya mama mkwe, kaiweka kwa khitma ya marehemu mumewe. Nilisahau kumwambia. Wakala mpaka wakafuta sufuria, wakasema sahani tamu, saini hapana. Mmoja akaomba ya kubeba. Mafisi!

Ijumaa, 8 Machi

Nimetoka msikitini, nimekuta begi la nguo zangu mlangoni. Kwetu mume ni mgeni kwa mkewe, na begi mlangoni halihitaji maelezo. Mama mkwe alikuwa ngazini anachambua maharage. “Sutan, si wewe uliyesema mwenye mali haombi ruhusa? Nyumba ni yangu. Nimeamua.” Adabu tupu, hata cheo changu hakukisahau. Yusnimar dirishani akauliza tu kama nimechukua mswaki.

Nikaenda kwa Darnis, nyumba ya mama yetu. Alinikumbusha kwamba mwanamume hana chumba pale tangu anapobalehe. Nimehamia msikiti mdogo wa ukoo, pamoja na wazee wanne wajane. Wanakoroma kwa zamu.

Jumapili, 10 Machi

Uchaguzi. Syafril kura mia nne na kumi. Mimi saba, na nne kati ya hizo nahisi ni za huruma.

Darnis ameniletea wali. Alikaa mpaka nikamaliza. Nilimwonea haya dada yangu, kwa muda mfupi.

Lakini watu hawa hawajui maendeleo. Nikiwa natafuna nimeutazama uwanja wa msikiti. Uko kando ya barabara, umekaa bure. Nimeupima kwa hatua: arobaini kwa ishirini na tano. Hakuna mpunga, hakuna mama mkwe. Kesho nitawaomba wazee saini. Wote wanne ni wanaume.