Nani Amewaambia Mimi na Nerima Si Nyumba Moja?

Kiwanda cha Mbao,
Elburgon.

Kwa Wakubwa wa Kampuni ya Filamu za Simu,
Mahali mliko sipajui, ingawa nyinyi mnajua niliko.

Waheshimiwa,

Natumaini barua hii itawapata mkiwa wazima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa mgongo. Naitwa Sitati. Kazi yangu ni kubeba magogo na kuyasukuma kwenye msumeno hapa Elburgon. Mke wangu Nerima yuko nyumbani Kimilili na watoto. Nawaandikia kwa heshima kwa sababu mmetufungia filamu tunazolipia mara moja sote wawili, na filamu hizo ndizo maongezi yetu ya jioni.

1. Mlinitumia ujumbe wa Kiingereza kirefu. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nikaupeleka kwa Njoki anayetengeneza simu karibu na stendi. Akausoma, akaniangalia kwa huruma. "Boss, wanasema wewe na bibi yako si nyumba moja. Mnatazama kutoka mahali pawili." Kibii, mwenzangu wa kazi ambaye alikuja kunisindikiza tu, alicheka mpaka akaketi chini. "Sitati, hata simu imekuacha." Sasa kiwandani naitwa kapera. Nauliza kwa upole: nani amewaambia? Ng'ombe nilitoa. Kanisani tulitangazwa Jumapili tatu na hakuna aliyepinga. Kama mlikuwa na neno, mngesimama wakati ule.

2. Kila jioni nikishanawa vumbi la mbao, natazama sehemu moja ya ule mchezo wa tajiri na wake zake wawili. Nerima naye anatazama sehemu hiyo hiyo huko Kimilili, halafu ananipigia. Sharti letu ni moja: hakuna kumtangulia mwenzako. Tunabishana kuhusu kitakachotokea kesho, na anayekosea anakubali uamuzi wa mwenzake kwa jambo moja la nyumbani. Nerima ana akili ambayo sijaona kwa mtu mwingine. Hakosei. Kwa njia hiyo amempa ndama jina la shangazi yake, amehamisha kiti changu akaweka kabati, na ndugu yake mdogo amehamia kwangu mpaka mahindi yavunwe, na huyo kijana anakula. Sijalalamika, kwa sababu nimeshindwa kwa haki. Lakini tangu mfunge, tunaongea nini? Jana alipiga, tukasalimiana, tukaulizana mvua, kisha tukanyamaza kama wagonjwa kwenye foleni ya daktari. Mwanamume aliye mbali akikosa la kusema, polepole anabaki kuwa mtu wa kutuma pesa tu. Hilo ndilo naogopa.

3. Mnasema nikitaka kufunguliwa niandike nambari mnayotuma, nanyi huituma mchana tu, nayo inaharibika upesi kuliko maziwa. Hapa msimamizi wetu, Bwana Kiprotich, hukusanya simu zote kabla msumeno haujawashwa na kuzifungia ndani ya debe, kwa sababu anayesoma ujumbe karibu na msumeno huenda nyumbani na vidole vichache. Nambari yenu inafika, inalia ndani ya debe, inakufa. Naomba mtume saa ya chai, debe likifunguliwa, ama mniambie ni kidole gani mnapendekeza.

4. Msiseme hamkujua nina mke. Wiki iliyopita nilimwambia Kibii kwamba mgongo unaniuma. Jioni simu ikaniletea magodoro. Nilimwambia Kibii peke yake, na yeye hauzi magodoro. Masikio yaliyosikia mgongo wangu yamekosaje kumsikia Nerima, ambaye huongea kwenye simu kama anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto?

5. Njoki amenieleza kwamba kwenu, nyumba ni watu wanaolala chini ya paa moja. Mimi nalala chumba cha mabati pamoja na Kibii na Odongo. Basi kwa sheria yenu hao ndio familia yangu. Kibii anakoroma, na Odongo hajawahi kuosha sufuria. Kama ndivyo mlivyoamua, nipeni ruhusa kwa maandishi nikamwone babake Kibii kule Njoro tuzungumze mahari. Na mtume mkubwa wenu mmoja Kimilili, akawaeleze wakwe zangu kwamba mimi na binti yao si nyumba moja, kisha aulize ng'ombe wangu wako wapi. Abebe sukari na majani ya chai. Asiende peke yake.

Nisalimieni wote hapo kazini, hasa yule anayesikiliza mgongo wangu. Mwambieni leo una nafuu.

Ni mimi, mume wa mtu,
Sitati.

Nyongeza: Kabla sijatuma barua hii, nambari yenu imefika saa ya chai ikiwa hai, na filamu zimefunguka. Kwenye jina la Nerima nimeona ule mstari wa kuonyesha mtu amefika wapi. Umefika mwisho wa mchezo wote. Sisi tuko katikati. Njoki amesoma tarehe, anasema Nerima alimaliza kabla ya kupanda mahindi. Kumbe ndama, kumbe kabati. Nimekaa juu ya gogo nikafikiri: mtu aliyejua mwisho amekuwa akirudia kutazama, jioni baada ya jioni, akingoja ninawe vumbi ili aniulize nafikiri nini. Basi malalamiko yote nimeyafuta, isipokuwa la shemeji, ambalo si lenu. Nawaomba kitu kimoja tu: ficheni huo mstari, Nerima asijue nimeuona. Leo atapiga, na nimeshaandaa jibu lisilo sahihi.