Fildimasho wa Biryogo

Jumatatu, 3 Novemba
Ushindi! Leo mkahawani kwa Mukandekezi, hapa Biryogo, Kigali, tumewahukumu majemadari wa vita vya Hitler: nani alistahili cheo, nani alibebwa. Nikamvua nyota Paulus, yule Mjerumani aliyepewa ufildimasho, cheo cha juu kabisa jeshini, leo, kesho yake akajisalimisha kwa Warusi. Nikaongeza kuwa nyota nyingi ni urembo tu. Nipeni uzi nami nitajishonea. Vicheko! Protas, fundi cherehani mwenzangu, Mhaya wa ng'ambo ya kichochoro, alijitia kumtetea Paulus. Akazomewa. Mimi nikapewa cheo papo hapo: Fildimasho Twahiru. Mzee mmoja tu kwenye kona hakucheka. Wivu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimekwisha! Mukandekezi anasema yule mzee ni afande mstaafu wa jeshi, mkubwa hasa, anakaa kule kilimani Rebero. Kauliza jina langu. Kauliza na kibanda changu kilipo! Ulimi umeniponza. Mchana kutwa nachungulia kichochoro. Nimeshonea mfuko wa koti mgongoni.

Jumatano, 5 Novemba
Wamekuja. Gari jeusi, dereva mrefu asiye na tabasamu. Akauliza, "Fundi Twahiru iko wapi?" Ya Rabi! Kidole kikanyooka chenyewe kuelekea kwa Protas. Maskini, akaingia garini na futi yake ya kupimia shingoni, hata hakuuliza. Nimefunga kibanda, nimekimbilia Gahanga, nje kidogo ya mji, kwa dada Uwizeye.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimejificha nyuma ya banda la kuku. Kila pikipiki ikipita, nalala chini. Namwona Protas pingu mikononi. Nimeapa: majemadari basi, milele. Uwizeye kaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimerudi Biryogo. Protas yuko hai! Tena ananenepa. Afande anamwoza binti yake; alitaka suti za wanaume wote wa ukoo. Alinitaka mimi kwa kuwa hukumu yangu ya Paulus ilimkosha. Protas, mnafiki yule, kamwambia hata yeye siku zote alimwona Paulus hafai kitu. Kazi kapewa yeye! Nikaenda mkahawani kulalamika. Baraza likanivua cheo, likamvisha Protas. Wamesema Paulus angalau alijisalimisha kwa jina lake mwenyewe.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimepata dawa. Nitahukumu makamanda wa majini tu. Nchi haina bahari, nani atanifuata? Jioni nimewavua nyota watatu. Vicheko! Mgeni mmoja tu, Mkenya wa Mombasa, hakucheka. Wivu.